Maganda Saba ya Kibiriti

Vitongoji,
Chake Chake, Pemba.
14 Oktoba 1961

Mpendwa Mjomba Mjaka,

Kabla sijakusalimu, nikwambie jambo ambalo sijapata kumwambia mtu: mwaka jana niliwadanganya watu wa hospitali, na aliyeumia ni mama yako.

Sasa shikamoo, Mjomba. Hujambo? Bi Shariffa kikohozi chake kimepoa? Sisi hatujambo, na Bibi mzima, usishituke.

Watu hao walipokuja kupima minyoo ya safura, kila mtu wa nyumba alipewa ganda la kibiriti atie choo chake, nami niyapeleke skuli. Bibi, aliposikia mpimaji ni Bwana Pandu, alikataa katakata. "Choo changu kikasomwe na Pandu, mtoto niliyempakata?" Wengine nao wakaona haya. Mimi nikaona haya zaidi kumwendea mwalimu mikono mitupu. Maganda yote saba niliyajaza choo changu mwenyewe.

Tukaambiwa nyumba nzima ina safura. Bibi akanywa dawa, akalala siku mbili kwa kizunguzungu, na ugonjwa haukuwa wake.

Mwezi uliopita nilimpelekea Bwana Pandu barua ya Baba, pale anapopimia hospitali ya Chake. Akanitania, "Nyinyi kwenu hata minyoo ni ndugu!" Kisha akaniruhusu nitazame kwenye darubini yake ya kupimia minyoo. Mjomba, yai la safura lina ganda jembamba, na ndani yake madonge manne. Nilitazama mpaka akaniambia nimpishe afanye kazi.

Namaliza darasa la nane mwaka huu. Baba anataka nisomee uuguzi Unguja. "Muuguzi kila mtu anamjua. Huyo wa kuchungulia vioo nani atamwita?" Mimi nataka chuo cha maabara huko kwenu Dar es Salaam. Si kwa sababu naona haya kusema na wagonjwa, ingawa ni kweli naona haya. Ni kwa sababu daktari hutoa dawa kwa neno la yule aliye kwenye darubini, nami najua neno la uongo linamfanya nini mtu. Kazi hii nitaiweza. Sina shaka.

Baba amesema, "Mjaka akikubali kukaa nawe, mimi sina neno." Fomu zinafungwa mwisho wa mwezi. Naomba unipokee, na umwandikie Baba.

Nisalimie Bi Shariffa, Mbaruk na mdogo wake. Mama na Bibi wanakusalimu sana. Mola akuzidishie afya na riziki ya halali.

Mpwa wako anayekupenda na kukutegemea,
Kazija Shaame

Nyongeza: Nilipokwisha kutia saini nilikwenda jikoni nikamwambia Bibi yote. Alisema, "Nikamwita shehe anisomee, kumbe shetani mwenyewe ni wewe!" Baada ya kusali Magharibi akaniuliza chuo hicho ni cha miaka mingapi. Nikamjibu miwili. Leo asubuhi nimeijaza fomu kwa wino, mahali pa mlezi nimeandika jina lako, na sasa nakwenda Chake kuitia posta pamoja na barua hii.