Kiswahili Nilichomvisha Mama Zuhura

Mwalimu wangu mpendwa,

Huko uliko nadhani hakuna kalamu nyekundu, kwa hiyo leo naandika bila kuogopa utakachoniwekea pembeni. Kuna jambo nililokuficha tangu siku ile uliponishika mkono mbele ya jopo, na limenichosha.

Unakumbuka tulivyoiandika ile memwari yangu ya kumalizia chuo kikuu? Wewe Bujumbura, mimi Rumonge, na katikati yetu barabara ambayo miaka ile ya vita watu waliipita huku wakisali. Sura zangu zilisafiri na dereva wa basi dogo, nimezifunga kwenye mfuko wa plastiki zisije zikanuka ndagala, dagaa wetu wa ziwani. Wiki mbili zikipita bila jibu nilijua magari yameshambuliwa tena. Namuwaza dereva, halafu, Mungu anisamehe, naiwaza sura ya pili.

Ulicheka uliposoma hadithi ya fisi aliyekwenda kuposa, jinsi nilivyoiandika kutoka kwa Mama Zuhura, mwanika ndagala wa Minago. Ukaniandikia: "Huyu mama kasomea Zanzibar? Nirudishie mdomo wake." Ulisema kweli. Nilikionea haya Kiswahili chetu cha huku, kwa hiyo yeye akisimulia, mimi namsahihisha papo hapo, naandika kile kilichonyooka tu. Mwenyewe alishtuka. "Weye," akaniambia, "niko nasema kidogo, mbona mukono yako inaandika mingi?" Nikacheka, nikaendelea. Hiyo ndiyo sentensi yake pekee niliyo na hakika nayo mpaka leo, maana kinasa sauti sikuwa nacho.

Nilirudi Minago na daftari jipya, nikakuta mchanga mtupu. Mapigano yalikuwa yamepita hapo wiki ileile. Mvuvi mmoja aliyekuwa anakusanya nyavu akanionyesha ziwa kwa kidevu: "Bote bamevuka, dada. Mama Zuhura naye."

Ulikuwa umenipa mwezi mmoja. Nikakaa mezani nikayachafua maneno niliyokuwa nimeyasafisha. Nikatia *iko* hapa, *mutoto* pale, nikaazima misemo ya shangazi yangu wa Kizuka na ya wauza mawese wa sokoni, nikakutumia sura kwa mkono wa dereva. Ukajibu maneno mawili: "Sasa namsikia."

Siku ya utetezi wa memwari uliwasomea jopo ukurasa ule kwa sauti, ukimwigiza fisi, mpaka mwenyekiti akavua miwani afute machozi ya kicheko. Nikapewa distinksyoni, alama ya juu. Tulipotoka nilitaka kukuambia, lakini ulikuwa na furaha kama vile umeshinda wewe, nami nikawa mwoga. Mwaka uliofuata ukafariki. Barabara ilikuwa imefungwa, hata kwenye mazishi yako sikufika, na hilo nalo linaniuma.

Basi, juzi mwanamke mmoja alibisha hodi akiwa na mtoto mgongoni. Ni Zuhura mwenyewe, binti aliyempa mama yake jina. Amerudi kutoka kambi ya wakimbizi Tanzania, na mama yake amezikwa hukohuko. Alisikia sokoni kwamba kuna kitabu ambacho mama yake anaongea ndani, na kwamba kiko kwangu.

Ningemwambia palepale. Badala yake nikaitoa memwari kabatini nikamsomea. Alifumba macho. Fisi alipofika kwa wakwe akacheka kidogo, na midomo yake ikaanza kufuatisha maneno. Nilipomaliza akampapasa mtoto miguu.

"Murakoze sana," akanishukuru. "Nilikuwa nimesahau sauti ya mama. Sasa imenirudilia."

Mwalimu, sauti iliyomrudia ni yangu mimi. Kama kuna kidogo alichokuwa amebaki nacho cha mama yake, naogopa nimekifukia kwa maneno ya kuokoteza. Wewe ulidanganyika ukanipa alama, hayo yamekwisha. Yeye anakwenda kuwasimulia wanawe. Nimeona aibu nyingi maishani, lakini hii sijui niiweke wapi.

Kesho asubuhi anakuja kuchukua fotokopi ya ule ukurasa. Nitamwambia kabla hajaishika mkononi, hilo nimeshaamua. Akinitukana nitavumilia, ni haki yake. Ninachokiogopa ni kwamba ataniangalia vizuri, halafu aseme, "Nipatie tu hiyohiyo," kwa sababu hana nyingine.

Pumzika, Mwalimu, na kama unaweza, unisamehe.

Mwanafunzi wako wa Rumonge