Kilichokuwa Kikikata Gitaa la Baba

Dukani kwangu,
Ghorofa ya pili, chumba cha tisa.
Jumapili, tarehe 14 Juni.

Mpendwa mdogo wangu,

Salamu nyingi zikufikie huko uliko, wewe na wifi yangu na wanangu wawili. Mnaendeleaje? Ule mgongo uliokuwa ukikusumbua kazini umepata nafuu, au bado unanyanyua makasha kana kwamba una miaka ishirini? Na wifi, masomo yake yamefikia wapi? Sisi huku hatujambo. Magoti yangu yananikumbusha umri kila nikipanda ngazi, lakini nikishafika juu nayasahau. Baba ni mzima, anakula vizuri, anabishana na redio.

Mwenye jengo hatimaye amepaka rangi vishikio vya ngazi, rangi ya kijani. Hakuweka hata kikaratasi cha kutuonya. Wiki nzima wateja walikuwa wakiingia dukani na viganja vya kijani, nami nikiwapokea na kitambaa kabla hawajagusa gauni la mtu.

Lakini sikufunga duka leo nikuandikie habari za rangi. Nina habari za Baba, na ni ndefu, na kwenye simu ungenikatiza kama kawaida yako.

Kwanza nikushukuru tena kwa kile kisanduku cha sauti ulichotutumia. Wifi nimweleze kidogo, maana najua barua zangu mnazisoma wote: ni kisanduku chenye ukubwa wa kitabu kidogo. Gitaa unalichomeka upande mmoja, na upande wa pili unatoka waya wa USB unaokwenda kwenye kompyuta, na kompyuta inarekodi. Hakuna kipaza sauti, kwa hiyo hata watu wakipiga kelele chumbani, gitaa halizichukui. Ndiyo maana tulikiweka papa hapa dukani, juu ya meza ya kukatia, pembeni ya mashine yangu ya kudarizi. Baba anavaa vile vya kusikilizia masikioni, anapiga gitaa lake, na mimi naendelea kudarizi nembo za sare za shule. Nilijiona nimepanga mambo kwa akili nyingi.

Nia yetu unaijua, ni ule wimbo wake. Miaka ishirini na miwili katika bendi amezipigia gitaa nyimbo za watu, na wake mwenyewe kiongozi wa bendi alikuwa akimwambia utarekodiwa awamu ijayo. Awamu ijayo haikufika hadi bendi ikavunjika. Sasa Baba ana miaka sabini na sita, na baridi yabisi imeanza kupiga hodi kwenye vidole. Tukasema piga ua, mwaka huu wimbo unarekodiwa.

Rekodi ya kwanza ndiyo ile niliyokutumia mwezi wa tano. Uliisikia: gitaa linakwenda vizuri, ghafla sauti inapotea kwa kitambo kidogo, kisha inarudi. Pengine inakwaruza. Katika dakika sita nilihesabu mikato kumi na saba.

Sasa mdogo wangu nitakwambia jambo, na usinune. Ulinijibu hivi: "Dada, Mzee amezeeka. Vidole havikimbii tena. Mwache apumzike." Najua uliandika kwa mapenzi. Lakini nikiwa na kitambaa chini ya sindano mimi huwa siishiki simu, Baba ndiye anayenisomea. Akausoma ujumbe wako kwa sauti, neno kwa neno, mpaka mwisho. Kisha akaiweka simu mezani, akaanza kukunja waya wa gitaa.

Unamjua Baba na sheria yake ya bendi. Kosa likisikika jukwaani, hutafuti wa kumsingizia, unalimeza. Wenzake wanasimulia mpaka leo kwamba hata mpiga ngoma akiteleza, yeye ndiye aliyekuwa akiinua mkono kuomba radhi. Kwa hiyo hakuitazama kompyuta hata mara moja, wala kile kisanduku. Alisema ni vidole vyake. Nami, Mungu anisamehe, niliamini. Nikakaa kimya nikidhani namstahi mzee wangu, kumbe namzika akiwa hai. Akalifungia gitaa kwenye kasha lake, akaniambia nimtafutie mwanafunzi yeyote wa kumpa.

Siku kumi na moja alikuja dukani, akakaa kwenye kiti chake, akanisaidia kupunguza nyuzi zinazoning'inia nyuma ya nembo. Roho iliniuma kila nikimtazama. Siku ya kumi na mbili ndipo akili ilipozinduka. Alikuwa anakata vijiuzi vidogo kwa mkasi mdogo, kimoja baada ya kingine, bila kugusa kitambaa, na haraka kunishinda mimi. Nikajiuliza, vidole hivi vina ubovu gani?

Mimi ni fundi cherehani kwa mwaka wa thelathini na moja sasa, na nikuambie siri ya kazi. Cherehani ikiruka mshono, fundi mbovu analaumu kitambaa cha mteja. Fundi wa kweli anachukua kipande chake mwenyewe anachokijua kwamba hakina shida, anakishona, anatazama. Nacho kikiruka, kitambaa cha mteja hakina hatia. Nikasema basi, na gitaa nalo tulitafutie kipande cha kujaribia.

Nikaweka kwenye simu ile programu ya kuhesabu mapigo, wanayofanyia mazoezi wapiga muziki: tik, tik, tik, haiongezi wala haipunguzi. Nikamfuata yule fundi redio wa chini, Solda, yule tuliyesoma naye ambaye bado anakudai ule mpira. Akanipa kichwa cha kuunganishia waya wa simu kwenye tundu la gitaa la kile kisanduku, akaniuliza kama nimeanzisha bendi na kama wanahitaji mwimbaji. Ile sauti yake unaijua. Nikamwambia nafasi zimejaa.

Nikairekodi simu dakika sita, nembo zangu zikiendelea, halafu nikampa Baba asikilize. Tik, tik, tik, kimya, tik. Akavitoa vile vya kusikilizia masikioni, akavitazama, akavivaa tena.

"Hii ni nini?"

"Ni simu, Baba."

"Na imekosea?"

"Mara kumi na nne."

Akaanza kujisugua vidole.

"Na simu haina baridi yabisi," akasema.

Nililia, mdogo wangu, sikujificha. Yeye hakulia, ila aliomba turudie kuisikiliza mara tatu, na kila mkato akawa anauhesabu kwa sauti kama mtu anayerudishiwa vitu vyake vilivyoibwa.

Vidole tukavitoa hatiani. Mwizi mwenyewe bado. Nikafungua daftari la vipimo, nikafanya kama ninavyofanya na cherehani: badilisha kitu kimoja tu, jaribu, andika, ndipo ubadilishe kingine. Ukibadilisha vitatu kwa pamoja hata ukipona hujui umeponywa na nini. Nikabadilisha waya wa USB, mikato ikabaki kumi na nne. Nikazima intaneti, kumi na tatu. Solda akapanda akanionyesha mahali pa kupanga namba fulani. Alinieleza kwamba kompyuta inaiteka sauti kwa vikombe, na kikombe kikiwa kidogo haiwahi kukimwaga kabla kingine hakijajaa. Tukaiongeza namba kutoka 128 hadi 512, mikato ikashuka mpaka mitano. Tukashangilia.

Tulishangilia mapema. Baba akalitoa gitaa kwenye kasha kwa mara ya kwanza tangu alipolifungia, akajaribu, akaacha katikati. Sauti ilikuwa inamfikia masikioni imechelewa. "Napiga leo, nasikia kesho," akasema. Na mikato mitano bado ipo. Yaani tulikuwa tumetuliza maumivu, ugonjwa uko palepale.

Mwizi nilimkamata kwa bahati, nami bahati sijawahi kuikataa. Alhamisi niliizima mashine ya kudarizi niitie mafuta. Wakati inasubiri nikairekodi simu tena, nisikae bure. Hakuna mkato hata mmoja. Nikaiwasha mashine, nikarekodi, mikato hiyo imerudi. Nikaizima, ikapotea. Niliketi nikaufuata waya wa mashine kwa macho, kutoka mgongoni mwake, chini ya meza, mpaka unapoingia. Kikulacho ki nguoni mwako.

Kompyuta yangu ina matundu mawili tu ya USB, na moja limelegea tangu mwaka juzi. Kwa hiyo nilinunua kile kidude cha kugawa, unakichomeka kwenye tundu moja linazaa manne. Hapo nilichomeka kila kitu: mashine ya kudarizi, kipanya, printa, na kisanduku chako. Wote wanakula umeme wa tundu moja na wanapita mlango mmoja. Kila mara mashine ya kudarizi ilipoagiza kipande kinachofuata cha mchoro wa nembo, sauti ya gitaa inabanwa mlangoni, na sauti ikibanwa haisubiri, inapotea. Aliyewapanga hivyo ni mimi, na mimi ndiye niliyekuwa nadarizi muda wote Baba anarekodi. Nilimkata baba yangu mzazi mara kumi na saba kwa nembo za shule ya msingi!

Nilicheka peke yangu mpaka Solda akapanda kuuliza kuna msiba gani.

Dawa ilikuwa ndogo kuliko ugonjwa. Kisanduku nimekipa lile tundu zima la kompyuta, kipo peke yake kama bwana harusi. Mashine ya kudarizi sasa naipelekea michoro kwa flashi, mkononi. Namba nikairudisha 128. Nikairekodi simu nusu saa nzima na mashine inafanya kazi, na nikasikiliza nusu saa nzima, tik kwa tik. Haikukosekana hata moja. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: dada yako mshona nguo, asiyewahi kukanyaga darasa la kompyuta, ndiye aliyelitengeneza hili. Solda amewasimulia mafundi wote wa ghorofa ya chini. Kichwa kimenivimba na sina haraka ya kukipunguza.

Lakini fahari ya kweli ni ya Jumanne iliyofuata, asubuhi. Baba alikuja amenyoa ndevu. Akazikaza nyuzi za gitaa, akajipasha vidole kwenye kikombe cha maji ya moto, akaniambia nisiizime mashine, kila mtu afanye kazi yake. Akaupiga wimbo wake kutoka mwanzo mpaka mwisho, dakika sita na kidogo. Nilikuwa simsikii, sauti yote iko masikioni mwake, nilikuwa naviona vidole tu. Ungeviona! Havikimbii kama zamani, hapo hukukosea. Vinatembea. Kila kimoja kinajua kinakokwenda, na kinafika. Nembo niliyokuwa naidarizi ilitoka imepinda na nimeiweka, sitaifumua.

Tulipoisikiliza, hakukuwa na mkato. Ila dakika ya nne, anaporudi kwenye kiitikio, kidole kimoja kinagusa uzi usio wake. Noti moja, inasikika wazi. Nilimtazama usoni nikaogopa tumerudi kulekule. Nikawahi kumwambia kwamba Solda anaweza kukata hapo kwenye kompyuta akabandika noti nzuri kutoka pengine, na hakuna atakayejua.

"Hapana," akasema. "Hilo ni langu. Liacheni."

Alivyolisema ungedhani ananionyesha mtoto wake. Na lile gitaa halina mpango wa kwenda kwa mwanafunzi yeyote, limelala hapa juu ya meza, kasha limekuwa la kuwekea vitambaa vyangu vya bitana.

Ndani ya bahasha hii utakuta flashi. Wimbo umo humo, mzima.

Nisalimie wifi sana, mwambie gauni lake liko tayari na sijasahau mifuko. Wabusu wanangu, Kipara na yule mdogo mwenye maneno mengi, waambie shangazi yao anawakumbuka. Solda anakusalimu, anasema mpira haujafutwa kwenye deni. Baba hakusema nikusalimie, alisema nikuulize kama unakula.

Ukishasikiliza, mpigie yeye, usinipigie mimi. Usimwombe radhi, atakukatiza. Usimsifu sana pia, ataona unambembeleza mzee. Mwambie tu kwamba dakika ya nne, anaporudi kwenye kiitikio, umelisikia kosa. Hapo atajua mwanawe amesikiliza.

Mungu akulinde na akuongezee nguvu na subira katika kazi ya mikono yako, wewe na nyumba yako yote.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda hata siku unazonikera,
Fundi.