Kioo Nilichokisoma Peke Yangu

Makongeni, Jumanne, Januari 1997

Mama Nekesa,

Ni miezi mitano tangu tukuzike, na kiti chako cha maabara sasa ni changu. Sijakizoea. Nikimaliza kusoma kioo cha damu bado nageuka nyuma, nikingoja useme, "Haya, toka nione." Hakuna anayesema. Naandika jibu kwenye rejista na linakwenda kwa daktari jinsi lilivyo.

Unajua sikusomea kazi hii. Nilikuja pale kliniki na cheti cha kidato cha nne, kuosha chupa. Wewe ndiye uliyenikalisha kwenye hadubini. Hukunieleza kimelea cha malaria kinafanana na nini. Ulikitafuta, ukakiweka katikati, ukanisukuma mbele. "Macho unayo, kijana. Hujayafundisha kazi tu." Nikiharakisha ulinicheka: "Unakimbizana na nani? Tazama sehemu mia za kioo kwanza, ndipo useme hakuna." Na kabla ya yote ulimwuliza mgonjwa ametoka wapi. Ambaye hajatoka nje ya Nairobi, malaria kwake ni nadra. Aliyerudi juzi kutoka Busia, kwenye mbu wengi, huyo mtazame vizuri.

Ijumaa sikuuliza.

Nimeiandika kwenye shajara: saa nne na dakika ishirini, foleni imefika mlangoni. Mtoto wa kike, miaka minne, joto jingi. Mama yake, Mama Awino, anauza mitumba soko la Gikomba. Nilitazama sehemu arobaini, labda. Nikaandika hakuna. Wakapewa dawa ya homa, wakaenda.

Fatuma alikuwa kando yangu. Yeye ametoka chuoni, aliletwa mwezi wa kumi na moja, na huniuliza mambo ambayo mikono yangu inayajua lakini mdomo hauna jibu. Aliomba akisome kioo kile naye. Nikamwambia, "Kwani huniamini?" Akarudi kuosha vioo. Ukweli ni kwamba niliogopa aone kilichonipita. Wewe ulipokosea uliniita nione, tena ukicheka.

Jana asubuhi, nikipanga vioo vya Ijumaa sandukuni, nilimkumbuka Mama Awino. Nilipokuwa nikimchoma mtoto kidole alisema, ili tu kumtuliza, kwamba nyanya yake alilia walipopanda basi kurudi Nairobi. Basi, Mama! Alikuwa amenijibu kabla sijauliza, na sikusikia.

Nilikirudisha kioo chini ya hadubini. Sehemu ya sitini na tatu, kimelea kimoja. Mbele kidogo, viwili. Nikamwita Fatuma bila kumwambia nilichoona. Alitazama kwa muda mrefu, akasema, "Vipo." Afadhali angenitukana.

Nilimwambia daktari, nikashika njia kuwatafuta. Fomu ilikuwa na jina la mama na la mtaa tu, Shauri Moyo. Kwenye mfereji wanawake walinicheka: "Mama Awino wa mitumba? Hapa wako watano, wewe unataka yupi?" Nilisema, mwenye mtoto mgonjwa. Kicheko kikaisha, mmoja akaacha mtungi wake na kunipeleka.

Awino alikuwa amelala chini, shingo imelegea. Mama yake alimbeba, tukakimbia naye hadi barabarani kutafuta gari la kumpeleka hospitali. Leo mchana nilipita wodini. Ana maji ya dripu. Anafungua macho, lakini hasemi. Kesho watampima damu tena. Sijui, Mama. Nahesabu saa tangu Ijumaa, narudia kuhesabu, na kila mara zinakuwa nyingi.

Sasa Fatuma husoma tena vioo vyangu, nami vyake. Nilimwomba mwenyewe. Leo amekuta kosa langu moja dogo, nami lake moja, tukaonyeshana. Lakini hilo silo linaloninyima usingizi.

Mama Awino alinishika mkono pale wodini. "Mungu akubariki, daktari. Nani mwingine angetutafuta mpaka nyumbani?" Anadhani malaria iliingia baada ya Ijumaa. Daktari wetu amesema si lazima ajue. Nami nilisimama pale, mkono wangu ndani ya wake, nikapokea shukrani.

Pumzika, Mama Nekesa. Mengine nitaendelea kujifunza, nikipata wa kunirekebisha. Hili halina wa kunifundisha. Kesho saa mbili, kabla majibu ya damu hayajatoka, yawe mazuri au mabaya, nitamwambia Mama Awino kwamba malaria ilikuwepo tangu Ijumaa, na aliyekosa kuiona ni mimi. Akiuondoa mkono wake, nitamwacha auondoe.

Mwanafunzi wako,
Mutua