Wiki Sita za Uji

Jumatano, 18 Agosti 1976

Upepo tangu asubuhi. Vumbi limeingia mpaka ndani ya taipureta.

Nimetuma gazetini habari ya kozi mpya ya kamati ya kina mama: wasichana kumi na wawili, wiki sita, cheti. Inaitwa Kozi ya Usafi na Unadhifu. Neno "urembo" kamati imelikataa. Katibu wao anasema lina harufu ya kibepari. Nyusi zake mwenyewe zimechongwa. Watafundishwa kuosha nywele, kuchoma kwa kitana cha moto, kuweka dawa ya kulainisha, kusafisha uso na kucha.

Nilimwuliza mkufunzi, mama wa Dar, kila msichana ataweka dawa kwenye vichwa vingapi kabla ya cheti. Kimoja. Makopo ni kumi na mawili, mengine hayapatikani. Watajifunzia nini basi? Uji wa sembe, akasema, uzito wake ni uleule.

Hilo sikuliandika. Nilipewa nafasi ya maneno mia mbili.

Ijumaa, 20 Agosti

Atusaye ni binti wa dada yangu Anyitike, miaka kumi na minane. Yuko kwangu tangu amalize darasa la saba. Anataka kazi ya nywele, hataki nyingine. Leo nimempeleka mtaa wa Katandala, kwa Silvana, fundi wa nywele.

Silvana ni Mfipa aliyekaa Kitwe, ng'ambo ya mpaka, miaka kumi na moja, akitengeneza nywele za wake wa wachimba migodi. Masharti yake: miaka miwili. Miezi minne ya kwanza ni kuosha vichwa tu, na kusema umeona nini kwenye ngozi. Dawa ni mwaka wa pili. Mshahara hakuna. Cheti hakuna.

Atusaye akauliza, kwa adabu, kama hawezi kuanza na dawa kidogo kidogo. Silvana akamshika mkono, akaugeuza juu na chini kama anayechagua muhogo.

"Mkono mzuri huu," akasema. "Bahati mbaya umeunganishwa na wewe."

Njia nzima Atusaye aliuficha mkono ule ndani ya kanga.

Jumapili, 29 Agosti

Gazeti limefika na basi, la siku nne zilizopita. Habari yangu iko ukurasa wa tatu: "Wiki Sita Tu!" Kichwa cha habari si changu.

Atusaye alinisomea mezani, chakula kinapoa. Mjomba, mwenyewe umeandika zinatosha. Nikamwambia sikuandika hivyo. Akauliza ni wapi basi nilipoandika kwamba hazitoshi. Swali zuri – waandishi wengi wa mjini hawaliulizi.

Akataka nichague kwa niaba yake: Silvana au kozi. Nikasema cheti kinafungua milango. Ni kweli, kinafungua. Anaanza kesho.

Jumanne, 21 Septemba

Nyumba inanuka uji uliochacha. Kwenye kozi wasichana wanapakana vichwani, wanapiga soga, wanaosha maji yakipatikana. Bomba limekauka wiki nzima. Maji yanatoka mtoni kwa ndoo. Leo uji umekaa saa nzima, ukaganda kama kofia ya askari. Atusaye anasimulia huku anacheka.

Siku ya kuhitimu kila mmoja alete kichwa chake, yaani mtu wa kupakwa dawa ya kweli. Wa kwake ni Margareth, rafiki yake, binti wa Kornel wa Kasense. Margareth anaolewa na mwalimu Philipo, kanisani Kaengesa, tarehe 23 Oktoba. Akizivuta nywele zinafika mabegani. Kornel ameniuliza, bwana mwandishi, ni salama? Nimemjibu kwamba mkufunzi ana uzoefu. Uzoefu wa nini, sikuuliza.

Nilikutana na Silvana sokoni nikamweleza habari ya uji. Hakucheka.

"Uji hauchomi," akasema. "Ndio ubaya wake."

Jumamosi, 9 Oktoba

Naandika kwa mpangilio.

Saa nne kamili. Viti kumi na viwili, vichwa kumi na viwili, wasichana nyuma yake wamevaa makoti meupe. Mgeni rasmi alitarajiwa saa hiyo. Alifika saa sita kasorobo.

Saa sita na dakika tatu. Mkufunzi aliamuru dawa ipakwe, mgeni aone kazi. Kopo linasema dakika kumi na mbili, kisha maji mengi. Nimelisoma mwenyewe.

Saa sita na dakika tisa. Kupaka kumekwisha. Mgeni, aliyepangiwa kuzungumza baada ya chakula, akasimama. Ana safari, atazungumza sasa. Mkufunzi akawatazama wasichana: wima, kimya. Ndoo za maji zilikuwa upande wa pili wa meza kuu. Kuzifikia ni kukatiza mbele ya mgeni.

Alizungumzia kujitegemea. Alizungumzia vyoo bora na mtama.

Dakika ya kumi na nne ya hotuba Margareth alishika magoti yake. Dakika ya kumi na saba machozi yakaanza kumtoka, mgongo umenyooka. Aliniambia baadaye alidhani dawa ya kweli ndivyo ilivyo.

Dakika ya kumi na tisa Atusaye akanitazama. Alikuwa ananiuliza. Nikamwonyesha kiganja: subiri. Nimesikiliza hotuba miaka kumi na tisa, nikadhani kwa sauti ya mgeni kwamba anamalizia. Hakuwa anamalizia. Alikunywa maji akaendelea.

Jumla dakika thelathini na moja. Makofi. Kisha zawadi, kabla ya maji. Mgeni alimpa msichana aliyesimama imara kuliko wenzake wote. Atusaye! Alipokea kwa mikono miwili, akapiga goti.

Ndipo maji.

Vichwa tisa vyekundu. Viwili vina malengelenge. Cha Margareth kiliacha nywele na ngozi ndani ya ndoo. Sehemu moja ni kubwa kama kisahani cha chai, nyingine iko nyuma ya sikio. Hakupiga kelele. Aliomba kioo, hakupewa.

Habari nimetuma jioni. Maneno mia na themanini: wahitimu kumi na wawili, na dondoo za hotuba.

Jumapili, 10 Oktoba

Hospitali. Mganga amesema pale nywele hazioti tena. Amemwambia Margareth mwenyewe, amesimama mlangoni, mkono kwenye kitasa.

Silvana alikuja kumwona. Akauliza nywele zilioshwa lini. Atusaye akajibu: asubuhi ileile, kwa sabuni, alimsugua yeye mwenyewe ili awe safi mbele ya mgeni.

Silvana akasema kichwa kilichosuguliwa hakipakwi dawa siku hiyo. Ni somo lake la wiki ya kwanza.

Jumatano, 13 Oktoba

Cheti kimeletwa, na barua. Kamati inafungua saluni ya ushirika Mpanda. Wanamtaka mshindi wa zawadi: mshahara, chumba, makopo ya dawa yanakuja kwa lori. Aondoke Ijumaa ya tarehe 22.

Atusaye aliisoma barua mara mbili, akaenda Katandala kwa miguu kuomba ile miaka miwili. Nilimfuata.

"Una cheti," Silvana alimwambia. "Mimi nafundisha wasiojua."

Atusaye alipiga magoti. Silvana akamwacha hapo mpaka alipomaliza kusuka kichwa cha mteja. Kisha akatoa sharti: kila asubuhi aende Kasense, Margareth alikorudi kutoka hospitali, akioshe kidonda chake mpaka kifunge. Akikosa siku moja, asirudi.

Kornel amekubali. Lakini ndani haingii. Aoshee uani, na lango liwe wazi, wapita njia waone.

Jumatatu, 18 Oktoba

Asubuhi ya tano. Maji ya vuguvugu, chumvi, pamba. Margareth hajamwambia neno.

Majirani wanakuja na vigoda. Leo bibi mmoja ameuliza kwa Kifipa kama huyu anayeosha ndiye aliyechoma. Akaambiwa ndiye. Akasogeza kigoda chake mbele.

Philipo alikuja jana baada ya misa. Alimwomba Margareth afungue kitambaa. Akaangalia, akashukuru kwa chai, akasema harusi isogezwe mpaka baada ya mavuno. Hakusema mavuno ya mwaka gani.

Ijumaa, 22 Oktoba

Naandikia uani kwa Kornel, daftari gotini. Lori la Mpanda liko nje. Dereva amekubali kupinda njia, ila hasubiri. Sanduku la Atusaye nimelileta mimi. Alisema nilete tu, bado hajaamua.

Jana usiku alinishika: mjomba, ungekuwa wewe? Nikasema safari hii sina la kusema. Akasema hata mara ile sikuwa nalo.

Mpanda hakuna anayemjua. Huko atakuwa fundi kuanzia Jumatatu, na vichwa vya watu vitakuwa vinamsubiri. Hapa ni kidonda cha miezi miwili, kisha miaka miwili, na kila mwanamke wa mji huu atamwita mchomaji.

Honi. Atusaye ameinua mikono, ameifuta kwenye kanga. Kornel amesimama kizingitini, mikono kifuani. Anasubiri kuona. Majirani nao.

Margareth ameinamia karai, shingo wazi. Upande wa kulia umeoshwa. Nyuma ya sikio la kushoto bado pana usaha. Atusaye amepiga hatua moja kuelekea langoni, amesimama.

"Upande huu bado," amesema Margareth. Neno lake la kwanza kwa Atusaye katika siku kumi na tatu. Hakuinua kichwa.

Honi ya pili, ndefu. Pamba bado iko mkononi mwa Atusaye, inadondosha maji mchangani. Dereva amewasha gari. Kornel ananitazama mimi, niliyelileta sanduku; Atusaye ameinama tena juu ya karai, na lori limeondoka.