Ng'oa Jina Langu Kwenye Geti Lako

Mdogo wangu Sekela,

Sikuulizi hali. Nasikia huko Iringa mambo yako yananyooka, umenenepa, na shule imepata basi jipya. Simu zangu hupokei tangu tulipogombana, kwa hiyo nakuandikia hadharani. Na wazazi wanaokuletea watoto kwa sababu wameona jina langu getini wasome pia.

Unaukumbuka mfupa? Huwezi kuusahau. Tulikuwa shule ya msingi kule Tukuyu, wewe darasa la pili, mimi la tano. Mtoto akiteleza akasema Kinyakyusa badala ya Kiswahili, anavishwa mfupa wa ng'ombe shingoni, na haumtoki mpaka amnase mwenzake akiteleza, amvishe yeye. Atakayekutwa nao kengele ya kwenda nyumbani, fimbo ni zake. Tulijua kuviziana kabla ya kujua kuzidisha. Siku ulipovishwa wewe ulilia mpaka ukajikojolea. Nikaja nikasimama mbele yako, nikakusalimia kwa sauti kwa Kinyakyusa, “Ugonile, Sekela,” ili uninase. Ukanivisha, na fimbo nikala mimi. Jioni tukiteka maji ukaniambia, “Dada, mimi nikiwa mwalimu, hicho kitu nakitupa chooni.”

Nilikuamini, ndiyo maana nina hasira hivi.

Ulipomaliza chuo ulipangiwa shule moja na mimi, kule bonde la Usangu. Tulilala chumba kimoja, godoro moja. Uliwakuta watoto wa wafugaji Wasukuma wamekalishwa nyuma, eti wananuka maziwa, na walimu wenzetu wakiwaita “watu wa ng'ombe” badala ya majina yao. Nilipochanganya madawati, Msangu na Msukuma bega kwa bega, na kila mtoto akapewa zamu ya kutufundisha kuhesabu kwa lugha ya mama yake, nilisemwa kijiji kizima. Walisema nimehongwa ndama. Nikaitwa mbele ya kamati ya shule, nikaambiwa mimi ndiye ninayeleta ukabila! Nani alisimama siku ile, bado mgeni, hata hajapata mshahara wa kwanza? Ni wewe. “Hawa watoto wakitolewa,” ulisema, “na sisi mtutoe.” Nilikupenda siku hiyo kuliko siku nyingine yoyote.

Wewe ukahama. Mimi nikabaki bondeni mpaka nilipostaafu nikarudi hapa Uyole. Ukajenga shule yako, ukaniita kwenye ufunguzi bila kuniambia kitu. Ukafunua kitambaa getini, na jina langu likatokea kwa herufi za dhahabu. Watu wanapiga vigelegele, mchungaji ameshaanza kuomba, ningekataaje? Niliingia darasa la awali nikaona ukuta mzima umechorwa watoto weupe wenye nywele za njano wakiruka kamba. Mweusi hata mmoja hayupo, labda uhesabu yule mbuzi aliyechorwa pembeni yao. Nilikuuliza, ukacheka. “Fundi ndivyo alivyozoea, dada.” Nikakuacha kwa heshima ya wageni.

Hukujua, au ulijua vizuri sana, kwamba jina langu lina uzito kule bondeni. Wafugaji walisikia ni shule yangu. Wakawatoa watoto kwenye maboma, wakakuletea wakae bwenini.

Sasa nisikilize. Baba yake Kabula, mwanafunzi wako wa darasa la tatu, ndiye aliyenipigia simu. “Mwalimu, mtoto karudi likizo, haongei na bibi yake. Bibi Kiswahili hajui. Anamsalimia mwangaluka, mtoto anaangalia chini tu, anajishika shingo. Sasa shingo ina nini?”

Nilipanda gari kesho yake nikaenda kumwona. Kabula aliniambia mwenyewe, kwa kunong'ona, kama vile unasikia kutoka Iringa. Alimsalimia mtoto wa kwao bwenini kwa Kisukuma, akavishwa kibao chenye maneno ya Kiingereza ya kumwita mjinga. Akakaa nacho wiki nzima, maana hakutaka kumvizia mwenzake. Umesikia, Sekela? Mtoto wa “watu wa ng'ombe” ana roho uliyokuwa nayo wewe zamani, na wewe unamwadhibu kwa hiyo roho.

Nilipokupigia uliniambia, “Dada, wewe serikali ilikulipa hata watoto wasipokuja. Mimi wasipokuja nafunga. Wazazi wanataka Kiingereza, nawapa Kiingereza.” Usinifanye mtoto. Kiingereza nimefundisha mimi, na watoto wa bondeni walikishika bila kuning'inizwa kitu shingoni. Wewe unawauzia watu aibu ya mama zao, na geti umelipamba kwa jina langu ili wasiisikie harufu. Msomi mzima! Huo si ualimu, ni ushenzi uliovaa tai.

Futa lile jina. Usilibandike kwingine, usiniite kwenye mahafali yako, wala usinitumie watu wa kanisani waje kunibembeleza. Nimezunguka boma kwa boma nikiwaambia wazazi ukweli, na nitaendelea kwa miguu yangu hii mibovu mpaka wa mwisho asikie.

Baba yake Kabula alikuwa wa kwanza. Alinisikiliza mpaka nikamaliza, mtu wa adabu yule, hakuinua sauti. Kisha akaniuliza, “Huyu mwenye shule, Mwalimu, ni ndugu wa ukoo tu, au mmetoka tumbo moja?”

Nikamwambia tumbo moja.

Akamshika binti yake mkono, akamsogeza mbali na mimi.

Kaa na shule yako.

Dada yako