Pumzi ya Kupulizia Makapi

Mjukuu wangu Rehema,

King'ora cha kiwanda hapa Chang'ombe kiliacha kulia zamani, lakini mimi bado nakisikia. Marahaba, shikamoo yako imefika. Sisi wazima, mdogo wako ameanza kuota meno. Unauliza kutoka huko Mbeya kama nami niliwahi kubanwa na hofu hivyo, na kama uache mitihani urudi nyumbani.

Niliwahi. Enzi za vijiji vya ujamaa nilimaliza chuo cha ualimu, nikapangiwa shule Dodoma. Tangu hapo, kila king'ora kilipolia asubuhi na kunikumbusha safari, moyo ulinienda mbio, vidole vikafa ganzi, nikaona nakufa. Daktari hakuona ugonjwa. Majirani wakanong'ona kuwa nina jini.

Siku moja hofu hiyo ilinikuta uani, mama akipepeta mchele. Akanibwagia ungo mapajani.

"We Somoe, utakufa baadaye. Wageni wanakuja, na mchele una makapi."

Nikapuliza kwa nguvu, mchele ukaruka.

"Taratibu bwana! Unapuliza makapi, si moto."

Nikapuliza polepole, kwa pumzi ndefu. Mchele ulipotakata, moyo ulikuwa umetulia. Mama hakujua alichonitendea, nami sikukielewa hadi nilipozeeka.

Dodoma sikwenda. Niliogopa kubanwa ugenini peke yangu, na hakuna aliyeniambia, "Twende wote." Watoto ambao sikuwafundisha nawawaza mpaka leo.

Usirudi, mama. Nimekwishakata tiketi ya basi la Jumatatu. Nakuja kukaa nawe mpaka mitihani iishe.

Bibi yako,
Somoe