Mlango wa Kona, Mtaa wa Albert

Jumanne, 10 Septemba 1985

Barua ya halmashauri imefika. Wamekataa! Jengo limeorodheshwa kuwa la kihistoria, haliguswi. Nilichoomba si kasri — chumba cha kulala pale chini dukani, na ule ukuta wa mbao wa ngazini uondolewe, Clifford apite. Magoti yake yamekwisha. Tangu Mei mume wangu yuko juu, dirishani, anatazama mabasi.

Nimemsomea. Akasema kosa ni la babu yake. Mzee angejenga ovyo, leo mjukuu wake angekuwa chini anakunywa chai. Nimecheka, kisha nikaenda kulia jikoni.

Alhamisi, 26 Septemba

Nimejua nani alipeleka jina la duka letu halmashauri, liorodheshwe. Bi Hepworth! Yeye na chama chake cha historia. Supamaketi ilipofunguliwa alikuwa wa kwanza kutuhama. Akipita hapa na mifuko yake, macho mbele. Kwetu alikuja Jumapili tu, maduka mengine yakifungwa — anunue hamira, basi. Sasa duka limekufa, ndiyo analipenda.

Leo kaja na daftari. Anapapasa nguzo ya chuma, anaguna. Eti mlango ulikatwa kwenye kona makusudi, mwaka 1881, uvute wateja wa mitaa miwili. Ananifundisha mimi! Miaka thelathini na minne nimesugua kizingiti kile kwa jiwe jeupe, kila Ijumaa.

Nikamwambia Clifford hawezi kushuka. "Pole, mama. Lakini mbao zile ni za asili."

Na Clifford je, ni wa plastiki?

Ijumaa, 11 Oktoba

Kesho Bi Hepworth na chama chake wanabandika kibao cha historia ukutani kwetu. Kizingiti sijasugua. Waje wasugue wenyewe.

Jumamosi, 12 Oktoba

Clifford kang'ang'ania kushuka. Duka ni la babu yake, hataki kusikiliza hotuba dirishani kama kasuku. Kashuka kwa makalio, ngazi moja moja, mie mbele yake. Pale ngazi zinapopinda, magoti yakagoma. Hapandi, hashuki. Saa nzima sasa!

Watu wa gari la wagonjwa wamekuja. Kiti chao hakipiti, mpaka mbao zitoke. Nimewapigia kelele: vunjeni! Mkubwa wao kaona karatasi ya halmashauri pale mlangoni, anasema hataki kesi. Bi Hepworth kaingia, ua kifuani — "Jamani, tusubiri kidogo, niwaulize halmashauri." Anatumia simu yangu. Hakuna anayepokea. Jumamosi! Na wale wawili wanamtazama yeye, si mimi mwenye mume.

Naandika hapa hapa ngazini, kwenye daftari la mfukoni mwa aproni. Nikiacha kuandika nitamtukana mtu. Nje wanaimba, kibao kimeshapigiliwa, nasikia makofi.

Clifford kaniegemea begani. Amejikojolea. Ananinong'oneza, "Edna, usiwaambie." Mwanamume aliyekuwa akifunga tai kuuza viazi.

Nimemwambia Bi Hepworth, kupitia mbao zake, mume wangu anateseka. Anajibu kwa upole: anaelewa kabisa, mama — je, nina kitabu kingine cha namba za simu?